Nani Hakumnusa Kita?

Ukisimama penye kamba ya nguo nyuma ya nyumba ya Tan Chong, ngome unaiona yote: ukuta wake wa mawe juu ya jabali, kibanda cha mlinzi kilichokaa ukingoni kabisa, na nyasi zinazoteremka hadi barabarani. Kwa miaka miwili Trini alikuwa akianika nguo zake hapo bila kuinua macho. Ngome ni ngome. Wahispania waliijenga, wakaiacha, na sasa ilikuwa mahali mumewe anapopatia riziki, basi. Lakini Ijumaa ile aliinua macho, na tangu hapo shingo yake ikakataa kushuka.

Kule juu Kin, mumewe, alikuwa akimvuta karabao wake, nyati mweusi wa kufugwa aliyempa jina la Seneta kwa sababu ya kitambi na uvivu. Na juu ya Seneta alikaa mwanamke mwenye kofia pana ya ukili. Huyo hakuwa mtalii. Watalii hukaa juu ya karabao wamekakamaa, mikono miwili kwenye tandiko, kama watu wanaovushwa mto uliofurika. Huyu alikaa upande, mguu mmoja juu ya mwingine, utadhani amekalia kochi la kwao. Akasema neno, na Kin akacheka. Sauti haikufika chini, lakini Trini alikiona kicheko chenyewe, kile cha kutupa kichwa nyuma. Alidhani Kin hukitoa nyumbani tu.

Alikuwa amebana kibanio cha nguo katikati ya meno. Kikalia ta! kikavunjika.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Hakuna mtu Humatak, kijiji hiki cha kisiwani, asiyemjua Fina. Fina na Kin walichumbiana wakiwa na miaka kumi na tisa. Nguruwe wa harusi alikuwa ameshaanza kunenepeshwa pale shangazi yake Fina alipomwita San Diego, ng'ambo ya bahari, akasomee uuguzi mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, hata ikawa saba. Yule nguruwe aliliwa kwenye sherehe ya watu wengine, na mpaka leo mtu akisifu unene wa mnyama kijijini husema, "Huyu sasa anamkaribia wa Fina." Husema hivyo mbele ya Trini, bila hila, huku wakimwongezea wali. Yeye alikuja kuolewa hapa kutoka Malojloj, upande wa pili wa milima, na aliizoea ile habari ya nguruwe kama anavyozoea mtu msumari uliochomoza kwenye kizingiti: unajua ulipo, unauruka.

Ila nguruwe ni nguruwe. Mwenyewe sasa amekuja.

"Kumbe umepata mteja leo," Trini alisema jioni ile, akimwekea Kin sahani kwa kishindo kidogo tu.

"Nani, Fina? Amekuja sherehe. Alitaka kuiona ngome."

"Ngome haijahama tangu aondoke, au?"

"Trini."

"Nauliza tu. Na anaiona akiwa juu ya nyati, chini haionekani vizuri?"

Kin alicheka, kicheko kidogo cha pua, akaendelea kula. Trini aliyapima macheko yale mawili, lile la juu ya jabali na hili la mezani, na hili likaonekana dogo mno.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Tangu alfajiri Trini alikuwa katika jiko la nje, kuni zikimpiga moshi, machicha ya nazi yamempanda hadi kwenye nyusi. Mtoto wao, Kita, wa miezi saba, alizunguka mikononi mwa watu. Tan Chong, mama mkwe wake, alitawala jiko lile kwa mwiko na kwa ulimi.

"Pilipili gani hizi vipande kama vidole? Wageni watadhani tunawalisha ng'ombe. Katakata, mwanangu, katakata! Kwenu Malojloj hamna visu?"

"Viko, Mama."

"Basi vilete."

Wanawake wakacheka, na Trini akacheka nao, maana ndivyo ilivyo. Halafu Fina akaingia kwa mlango wa uani. Gauni lake lilikuwa la rangi ya ndizi mbivu, limepigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja kwa Tan Chong, akainama, akauchukua mkono wa yule mama na kuupeleka puani kwa heshima.

"Ñora," alimwamkia.

"Mungu akubariki! Mungu akubariki, mwanangu!" Uso wa Tan Chong ulifunguka wote. "Hebu nikuone. Umekonda. Hawakulishi kule?"

Fina alikuwa ameiona mbuzi ya kukunia nazi pale chini, na kabla mtu hajasema kitu alikunja gauni lake, akaikalia, akaokota kizio kimoja cha nazi na kuanza kukuna. Alikuna vizuri. Trini alitamani akune vibaya, lakini hapana, machicha yaliteremka mepesi na meupe.

Hayakufika hata kujaza kiganja. Tan Chong alimpokonya kizio. "Toka hapo! Utalichafua gauni. Wewe leo mgeni, njoo ukae." Akamvutia kiti, kile chenye mto, akamfuta mikono kwa aproni yake mwenyewe, akampakulia wali mwekundu na nyama ya kuchoma ya ubavuni, pale palipo na mafuta. Kisha akageuka. "Na wewe, Trini, unatazama nini? Wali unaungua!"

Wali haukuwa unaungua. Trini aliukoroga hivyo hivyo, na moshi ulipomwingia machoni alishukuru, maana ulimpa sababu.

Ilikuwa baadaye, chakula kikiwa mezani na akordioni ikilia, ndipo lilipotokea lile jambo. Trini alikuwa amesimama chini ya paa la mabati, Kita kiunoni. Fina akaja akiwa na sahani mkononi, akasimama mbele yao, akatazama. Alitazama muda mrefu, midomo imeachana kidogo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Ana miezi mingapi?"

"Saba."

Sasa, huku kwao mtu akimpenda mtoto hasimami tu akatazama. Anakuja na pua yake, anamnusa shingoni, anamfinya paja, anamuuma kidole cha mguu kidogo, na jambo linakwisha. Hamu ile ina jina, inaitwa magodai, na hata mtoto wa shule atakwambia kwamba ikibaki kifuani mwa aliyeshikwa nayo, yeye haimdhuru. Inamrudia mtoto tumboni. Ndiyo maana asubuhi ile pekee pua kama ishirini zilikuwa zimeshapita shingoni mwa Kita, na Kita amezipokea zote kama malkia.

Trini aliuona mkono wa Fina ukianza kuinuka. Aliuona wazi. Akageuza kiuno, mtoto akaenda upande wa pili.

"Ana usingizi," alisema.

Macho ya Kita yalikuwa makavu, yamefunguka kama taa mbili.

Mkono wa Fina ulirudi kwenye sahani. "Haya," alisema taratibu. "Alale salama." Akaondoka zake.

Na Trini alisikia utamu. Ni aibu kulisema, lakini alisikia utamu, kama wa kukuna mahali palipowasha siku tatu.

Jua lilipokuwa linazama baharini, Kita akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa wala cha nepi. Alijikunja, magoti kifuani, ngumi zimefungwa, akilia mpaka sauti inakatika, kisha anaitafuta tena. Alikataa ziwa. Kin alimbeba akizunguka naye chumbani, Trini akampokea, Kin akampokea tena. Jumapili kulipopambazuka walimpeleka hospitali. Daktari wa zamu, mtu mpole, alimbonyeza tumbo, akamwangalia masikio na koo, akasema hana homa, hana lolote la kutisha, ni gesi, itapita, akizidi mrudisheni. Wakarudi naye analia njia nzima, pwani yote ile.

Kin alibadili shati akapanda ngomeni, kwa kuwa Jumapili mabasi ya watalii huja mawili. Tan Chong alimchukua mtoto, akamlaza mapajani, akamshika nyayo.

"Baridi," alisema. "Na tumbo kama ngoma. Huyu daktari hakukosea kusema hana ugonjwa. Huyu kuna mtu amempenda, akaondoka na mapenzi yake kifuani." Akainua macho. "Trini. Jana wewe ndiwe uliyekuwa naye. Nani hakumnusa Kita?"

Trini alilijua jibu kabla swali halijaisha. Lilikuwa pale pale, limevaa gauni la rangi ya ndizi.

"Walikuwa wengi, Mama," alisema. "Labda Tun Ben."

"Tun Ben alimsifu?"

"Alisema ana mashavu."

"Akamwacha hivyo hivyo na mashavu yake? Mzee mzima! Mwite."

Tun Ben, mwalimu wa dini, akaja na kikohozi chake, mdomo mwekundu kwa tambuu. Akamnusa Kita upande huu na upande huu, akamwombea na sala fupi. Kita akalia zaidi. "Nani mwingine?" Trini akamtaja Charo wa dukani. Charo akafunga duka, akaja, akanusa. Kita akalia. Trini akawataja wale kaka wawili wanaopiga kengele za kanisa, wakaja wameshikana mikono kwa aibu. Akamtaja mpiga akordioni, ambaye ilibidi aamshwe, akaja na pombe ya jana kwenye pumzi, hata Tan Chong akamwambia, "Wewe nusia mbali, usimleweshe." Charo, ambaye hakurudi dukani kwa kuwa hapa kulikuwa kutamu zaidi, alisema, "Jamani, hata bibi yule wa posta alimtazama. Si tumwite? Na mbwa wake pia alimtazama." Watu wakacheka.

Trini hakucheka. Kila pua iliposhuka shingoni mwa mwanawe na kupanda bila mafanikio, alijiona kama mtu anayefungua milango yote ya nyumba isipokuwa ule mmoja, akijua fika mtoto amefungiwa humo. Lakini apande kilimani amfuate yule? Amwambie, tafadhali, njoo umnuse mwanangu? Baada ya gauni, kiti chenye mto, Seneta, na kile kicheko? Afadhali... Hakulimaliza wazo. Hakuna afadhali inayomaliziwa mbele ya mtoto anayelia.

Saa sita Kin alishuka kula. Alikuta baraza imejaa.

"Bado?"

"Bado," alisema mama yake. "Tumenusisha kijiji kizima."

Kin alinawa mikono, akainama juu ya mwanawe. "Na Fina je? Jana nilimwona yuko naye."

Charo aliacha kutafuna.

"Fina alimwona mtoto?" Tan Chong aliuliza, bila haraka.

"Mtoto alikuwa amelala," Trini alisema.

"Sikukuuliza mtoto alikuwaje. Nimeuliza, alimwona?"

"Mama, jikoni kulikuwa na watu mia. Mimi nitajua nani kaona nini? Kama Kin anajua sana macho ya Fina yalikuwa wapi, si aseme yeye!"

Kin alisimama wima. "Hayo yanatoka wapi?"

"Yanatoka juu kule! Siku tatu! Mtu gani anatazama ukuta wa mawe siku tatu?"

"Yuko huko hata sasa," Kin alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko ya hasira. "Kesho alfajiri ndege yake inaondoka. Alikuja kuaga mahali. Trini, kama alimtazama mtoto na wewe unajua..."

Alikunywa maji, akaacha chakula, akarudi kazini. Watu wakakumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Tan Chong alimrudishia Trini mtoto, akaingia ndani, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa adhabu kubwa kuliko mwiko.

Trini alibaki na Kita barazani. Mtoto alikuwa amechoka hata kulia. Sasa alitoa mlio mwembamba, kama mlango unaohitaji mafuta, na katikati ya milio alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa lawama. Kama angekuwa na lawama, Trini angeweza kuvumilia. Alimtazama kwa kungoja tu, jinsi anavyomtazama akiwa amedondosha kichezeo na anajua kitaokotwa.

Kesho alfajiri. Na baada ya alfajiri, bahari yote ile.

Alimfunga mtoto kifuani kwa kanga, akachukua mwavuli, akaanza kupanda.

Jua la saa nane lilikuwa linapiga barabara nyeupe. Juu, basi la watalii limesimama, na Seneta amelala kwenye tope lake chini ya mti, anakataa kuinuka, huku Kin akimbembeleza mbele ya bibi na bwana wa Kikorea wenye simu mikononi.

"Trini? Mtoto amezidi?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani, Kin, leo sina nguvu hizo."

Kin alionyesha kwa midomo, kule ukingoni, kwenye kibanda cha mlinzi.

Fina alikuwa ndani, katika gauni lile lile la jana, kiwiko juu ya kidirisha chembamba cha mawe, anatazama ghuba. Aligeuka kwa ule mlio kabla ya hatua.

"Trini! Ana nini huyo?"

"Analia tangu jana. Wewe unajua ana nini."

"Mimi?"

"Njoo umnuse." Limetoka. Lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki, lakini lilitoka. "Nilikuzuia jana. Nilikuona unataka, nikakuzuia makusudi. Sasa mnuse, nimekuomba, tuondokane na haya."

Fina alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akavua kofia polepole kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya.

"Lakini Trini," alisema, "mimi sikumtamani mtoto wako."

Upepo ulivuma kwenye kidirisha. Trini alidhani hakusikia.

"Unasemaje?"

"Samahani. Ni mtoto mzuri, sikatai. Ila siyo yeye niliyekuwa..."

"Ila nini?" Joto lilimpanda Trini mpaka kwenye masikio. Siku tatu alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa kutaka vya watu, na sasa alimchukia mara mbili kwa kutovitaka. "Ana kasoro gani mwanangu? Kijiji kizima kimepanga foleni leo kumnusa! Mashavu hukuyaona? Hii shingo huioni, mikunjo mitatu hii? Wewe ulitaka mtoto wa namna gani?"

Fina aliangua kicheko, kisha akakizuia kwa mkono. "Dada yangu, nilikuwa nakutazama wewe."

"Mimi nina nini cha kutazamwa?"

"Ulikuwa na machicha mpaka kwenye nyusi, nilitaka hata kukufuta. Na Ñora Chong, nilimsikia nikiwa bado nje, anakusema. Pilipili, sijui visu vya Malojloj." Akaegemea jiwe. "Mimi jikoni mle nilikuwa nikisemwa zaidi yako. Aliwahi kunipiga mwiko hapa begani kwa ajili ya chumvi. Miaka saba kule ng'ambo, nikichoka, nilikuwa nawaza siku nitakayoikalia ile mbuzi tena. Nikaikalia. Dakika moja! Akaniinua, akanifuta mikono kama mke wa gavana."

"Alikuheshimu."

"Ndiyo. Alinipa kiti chenye mto." Fina alilisema hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. "Wewe hukupewa kiti. Ulisimama mchana kutwa. Ningekung'oa nywele, Trini, kwa wivu. Ndiyo maana nilisimama pale nimekodoa kama samaki."

Trini hakujua aweke wapi maneno hayo. Kile kiti chenye mto alikuwa amekesha nacho usiku mzima kifuani. Hakuwa tayari kukiachia kirahisi hivyo.

"Na Kin?" aliuliza.

"Kin je?"

"Usinizungushe. Siku tatu juu ya nyati. Unamtaka?"

Fina alichungulia nje. Kin alikuwa amepiga magoti topeni, anamnong'oneza Seneta sikioni.

"Kin nilimwacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Ijumaa nilitaka kujua kama nilikosea. Basi."

"Ukajua nini?"

"Kwamba anacheka vilevile. Na kwamba hana habari nyingine duniani ila ya mtu mmoja."

Moyo wa Trini ulisimama ukangoja. "Nani?"

"Huyo hapo. Habari ya jino lake la kwanza nimesikia mara nne. Mara ya nne nilicheka kumwonea huruma, yeye akadhani inachekesha, akacheka zaidi."

Trini alingoja kidogo tena, asikie kama na jina lake lilitajwa. Halikutajwa. Akaona wivu mwembamba kabisa, wa kumwonea mtoto wake mwenyewe, akaufukuza kwa aibu. Kita alijikunja kifuani pake na kutoa ule mlio wa mlango.

"Mnuse hata hivyo," alisema.

"Nitamnusaje na sikumtamani? Itafaa nini?"

"Basi mtamani sasa."

"Mtu hatamani kwa amri!"

"Mshike kwanza. Shika, shika."

Akamfungua mtoto kwenye kanga, akamtia mikononi mwa Fina kama anayerudisha sufuria ya jirani. Na mikono ya Fina ikabadilika. Haikuwa tena mikono ya mgeni, wala ya mchumba wa zamani. Ilikuwa mikono ya kazi. Alimgeuza Kita kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, na kwa kiganja cha kulia akaanza kumsugua mgongo kwa mduara, chini kwenda juu, huku akitikisa taratibu.

"Wodi yangu ni ya watoto," alisema, kama aliyeulizwa. "Huwa tunawabeba hivi wakijaa gesi."

Trini alisimama mikono mitupu. Kita alilia, akanyamaza, akalia. Kisha kutoka mwili ule mdogo ikatoka mbweu ya mwanaume mzima, hata Wakorea wakageuka, na nyuma yake maziwa, mengi, chee! juu ya gauni la rangi ya ndizi.

"Hapo sasa," alisema Fina.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko ghuba. Fina alimgeuza mtoto, akamweka wima mbele ya uso wake. Kita alikuwa na machozi kwenye kope na tone la maziwa kidevuni. Alimtazama mtu huyu mpya, akamkagua nywele, akamkagua pua. Halafu akatabasamu, jino lile moja likang'aa.

Trini aliiona magodai inakuja, kama unavyoiona mvua inavyovuka ghuba kutoka upande wa pili. Aliona kidevu cha Fina kikitetemeka, meno yakiumana, vidole vikikaza kwenye yale mapaja. Jana hakukuwa na kitu. Leo kilikuwepo, na Trini ndiye aliyekileta kwa miguu yake mwenyewe, akikipandisha kilima kizima juani.

"Ee Mungu wangu," Fina alinong'ona. "Hii shingo."

Mikono ya Trini iliruka kumnyang'anya. Ilikuwa imeshafika kwenye vazi la mtoto ilipokoma. Kesho alfajiri. Mtu akiondoka na kitu kama hicho kifuani, akavuka nacho bahari, utampeleka nani San Diego akakirudishe?

Fina naye aliiona ile mikono. Akajizuia, pua hewani, kama jana alivyouzuia mkono.

"Naweza?" aliuliza.

Swali lile lilikuwa dogo, na ndilo la kwanza la kumwomba ruhusa. Trini aliirudisha mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akaikunja makwapani.

"Mnuse," alisema.

Fina akazama. Akamnusa shingoni kwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka chini ya maji. Akamnusa utosini, akambusu kiganja, akamuuma shavu kwa midomo. Kita akacheka, kile kicheko chake cha kupaliwa, ambacho mpaka siku hiyo hakuna aliyekipata ila baba yake na mama yake. Kila pumzi Trini aliisikia kwenye shingo yake mwenyewe. Alitazama ghuba akaona haiwezekani, akarudi kutazama.

Kin alifika mbio, tope hadi magotini. "Amenyamaza? Amefanyaje?"

"Simama hapo hapo," Trini alimwambia bila kugeuka. "Mtu ananusa."

Kin alisimama.

"Umemaliza?" Trini aliuliza.

"Bado kidogo," Fina alisema, sauti imefunikwa na mikunjo ya mtoto.

Trini alivuta pumzi. Ulikuwa unauma. Asiseme mtu haukuuma. Alingoja, akahesabu mawimbi manne kwenye mawe ya chini.

"Sasa je?"

"Bado."

"Basi maliza yote," alisema Trini. "Usibakize hata chembe, unanisikia?" Akasogea, akakishika kichwa cha mwanawe kwa vidole viwili, akakiinamisha upande wa kulia taratibu, ili shingo ya kushoto ifunguke. "Na hapa hujapagusa."